Ufa wa Ubeti wa Pili

...si mimi huyu, hapana, huyu anayeimba kwenye hedifoni ni nani, sauti ni yangu lakini imepigwa pasi, imenyooka kama shuka la hotelini, na prodyuza kule nyuma ya kioo ananichekea, kidole gumba juu, "Unaionaje, dada? Hii redio zote zitaipiga," na mimi nimeganda, ubeti wa pili umepita na ufa haupo, Mungu wangu, ufa wangu haupo, pale kwenye "umeniachia nani", pale sauti iliponikatika nikirekodi wiki ile tuliyomzika mama, ameuziba, akapaka na rangi juu... "Palikuwa na kasoro kidogo, nimeisafisha, usijali"... kasoro! mama yangu ndiye kasoro? nitamrushia hedifoni zake, wenzangu wa nyimbo za taratibu walinionya, ukienda kwa hao wa kuchezesha watu utanyolewa bila maji, haya, nimenyolewa, kichwa kinang'aa... halafu mguu wangu, loo, mguu wangu unagonga sakafu, tangu lini? acha, wewe mguu, hauachi, mdundo ni mtamu, nisijidanganye, mama angeucheza huu, angeacha vyombo kwenye sinki acheze na taulo begani, mama mwalimu wa kwaya, aliyenizaba kofi la mgongo kila sauti yangu ilipotetemeka, "Usilie wewe! Imba sawasawa, kulia waachie waliokaa kwenye viti"... ngoja... ngoja kwanza... basi mama mwenyewe angeusafisha, angevuta kiti pale kando ya prodyuza, wanywe chai huku wananisafisha wote wawili, jamani, miezi yote hii nimeamini ufa ule ni mama, kwamba namtunza humo, kumbe mama hakuwahi kuwa na ufa hata siku moja, ule ni wangu, wangu peke yangu, kitu cha kwanza nilichoimba bila ruhusa yake, na mimi nusura niutoe bure... "Dada? Unanisikia? Tuipeleke hivi hivi?" kidole gumba bado kiko juu, mguu bado unagonga, mdundo auache ulivyo, naupenda, sioni haya, lakini ufa anirudishie, nitamwambia, sasa hivi nafungua mdomo, na sauti ikikatika hapa hapa mbele yake, ikatike.