Kitambaa Cheusi cha Bibi Stamatia

Je, picha yaweza kudanganya ilhali kila kilichomo ni cha kweli? Evanthia alijiuliza. Bibi alikuwa wa kweli, unga ulikuwa wa kweli, na kitambaa cheusi kilitoka sandukuni mwa bibi mwenyewe. Lakini aliyemfunga bibi kitambaa hicho kichwani ni Evanthia, kwa kuwa weusi ulipendeza kando ya unga, na ukurasa wake wa mtandaoni wa mapishi ya kijijini ulihitaji sura ya kukumbukwa.

"Mjukuu wangu, cheusi huvaliwa na mjane," bibi alisita, kisha akakubali kwa mapenzi tu.

Wafuasi elfu ishirini waliisifu picha ile. Leo asubuhi binamu wa babu akapiga simu kutoka Melbourne, akilia, akiuliza mazishi ya babu ni lini.

"Mwambie nimefufuka," babu Thrasos, mumewe bibi, alicheka, kikombe cha kahawa mkononi, "na huku bado mnaninyima sukari!"

Bibi hakucheka. Alikuwa akifanya ishara ya msalaba.

Dhamiri ilimsuta Evanthia.

"Naifuta sasa hivi," aliwaambia, "na nitaandika wazi kwamba nilimvika bibi ujane ili nisifiwe mimi."