Vigelegele vya Mama Vinadaiwa

Jana usiku, nimelala fofofo na wala sina homa, niliota joho langu la mahafali limeingia chumbani bila hodi. Ndani yake hamkuwa na mtu. Likavuta kiti, likaketi, likakunja nne, ingawa miguu halikuwa nayo.

Sikujua joho lina umri gani, nikaliamkia kwa usalama wangu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye Ambakisye, mwalimu wa jiografia?"

"Ndiye mimi."

"Nimetumwa na ofisi ya mikopo. Nimekuja kuchukua chuo chetu."

Nikacheka. Kwani mimi wa kutishwa na nguo ya kukodi? Nikaliambia makato yanapita kwenye mshahara wangu kabla mwenyewe sijauona.

Likatikisa kola. "Hayo ni ya kalamu na chai ya kantini. Mkataba unasema utarudisha mkopo pamoja na vyote vilivyotokana nao. Ulisaini."

Ni kweli nilisaini. Mwenye njaa hasomi mkataba, anauliza tu asaini wapi.

Linaanza na jiografia. Linaniziba tundu moja la pua, na kwenye la pili unatoka Mto Ruvuma, halafu Bonde la Ufa, hilo kwa shida kidogo. Godoro linalowa. Sisikitiki sana, nisiwe mwongo. Kesho nina vipindi vya kidato cha pili na nilikuwa sijajiandaa hata hivyo.

"Sasa," likasema joho, "vigelegele."

Chumba kikawa uwanja wa mahafali. Wageni wanarudisha pilau kwenye masufuria. Mjomba Mwaisumo anadaiwa ile hotuba yake. Anaitoa mfukoni bila kinyongo, maana hata yeye ilimchosha. Kisha namwona mama, amesimama palepale aliposimama siku ile, na kitenge chake kilekile. Alinipigia vigelegele siku hiyo mpaka mgeni rasmi akakatisha maneno. Sasa vyote vimetanda hewani juu ya kilemba chake, vinatetemeka.

"Avimeze," joho linaamuru. "Kimoja kimoja. Vikishamezwa, vimelipwa."

"Haiwezekani!" nikapiga kelele. "Jumamosi dada yangu Tusekile anaolewa. Mama atamsindikizaje bintiye akiwa kimya kama yuko msibani?"

"Huyo dada alikopa?"

"Hata chuo hakukanyaga!"

"Basi kikao hiki hakimhusu."

Jamani! Tusekile ndiye aliyeacha shule ili nauli yangu ipatikane, na sasa hata siku yake moja ichukuliwe? Nikamgeukia mama agome, atukane, afanye lolote.

"Mwanangu, dawa ya deni kulipa," akasema, akaanza kumeza.

Kila anapomeza, shingo inatikisika. Joho linahesabu, linakosea, linaanza upya. Halikusoma hesabu, hilo nililiona. Kilipobaki kimoja, kile kirefu alichokipiga jina langu liliposomwa, nikaruka, nikakidaka hewani, nikakificha chini ya ulimi. Kilikuwa cha moto na kinatekenya.

Joho likageuka. "Una nini mdomoni?"

Nikatikisa kichwa. Likanisogelea, likainua mkono wake mtupu kunifungua taya. Hapo nikaamka.

Simu ilikuwa inaita. Mama.

Nikaipokea nikiguna tu, maana ulimi ulikuwa mzito. Hata shikamoo haikutoka.

"Ambakisye?" Sauti yake ilikwaruza kama mwiko kwenye ukoko. "Mwanangu, sijui nimelogwa. Tangu alfajiri najaribu vigelegele vya Jumamosi, hakitoki hata kimoja. Sina mafua, sina kikohozi. Dada yako kajifungia ndani analia."

Nikafungua kinywa nimpe pole. Badala ya pole kikatoka kigelegele, kirefu, cha kike kabisa, kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Jirani akagonga ukuta kuuliza nani kajifungua.

Nikaziba mdomo kwa mto.

"Ambakisye," akasema mama, taratibu, "hicho ni changu."

"Ndiyo, mama."

"Basi njoo nacho Jumamosi. Na usikipige tena njiani."