Waya Uliokatika Mara Tatu

Elikana alikuwa hamwamini mtu, na wewe ungekatikiwa na waya wa kuchomeka gitaa kwenye spika mara tatu kwa mwezi mmoja, ungemwamini nani? Wa kwanza ulikufa wakati wa sadaka. Wa pili, harusini Mwandiga. Wa tatu Jumapili iliyopita: gitaa lilikoroma, likanyamaza, kwaya nzima ikamgeukia. Naye akamgeukia Martini, mpiga besi. Nani mwingine alikuwa akilimezea mate gitaa lake la solo? Akamshtaki kwa wazee wa kanisa kwamba anamkatia nyaya, na leo saa kumi walikuwa wanakaa kumfukuza Martini kwenye kwaya.

Kwa hiyo dukani kwa Nasma, anayeuza na kutengeneza spika pale Ujiji, Elikana hakwenda kuchezewa.

"Waya huu nao si feki?"

"Fungua mwenyewe, kaka."

Alifungua. Akachungulia lehemu, akavuta nyuzi, akachomeka gitaa lake na kuutikisa waya wee. Hakuna mkwaruzo. Bado akamkazia macho Nasma, maana siku hizi mtu anakuuzia mbuzi kwenye gunia huku anacheka.

"Haya, nauchukua. Martini huu hatauona."

Akaanza kuukunja, kiganjani na kiwikoni, kiganjani na kiwikoni, akikaza kila mzunguko, kama baba yake alivyomfundisha kule Bangwe kukunja kamba za mtumbwi.

"We! We! We!" Nasma akamdaka mkono. "Hiyo kamba? Ndani mna vinyuzi vya shaba. Ukivinyonga hivyo vinakatikia hapa kwenye kichwa cha kuchomekea. Kunja duara pana, uulegeze."

"Mbona siku zote nakunja hivi?"

"Na zimekufa ngapi?"

Elikana alihisi uso unamwaka. Kila baada ya mazoezi alikunja nyaya mwenyewe, akaficha mwenyewe uvunguni. Martini hakuwahi hata kuzigusa. Loo, aibu gani hii!

Alipanda bodaboda hadi kanisani, Katubuka. Wazee walikuwa bado ndani. Martini alikuwa nje, sare ya kwaya imekunjwa mkononi, ameshaambiwa airudishe.

"Ndugu yangu, nimekukosea," Elikana alisema, pumzi juu. "Nyaya nilikuwa nazikata mwenyewe, kwa kukunja vibaya. Nisamehe."

Martini alielekeza kidole mlangoni.

"Mimi uliniambia lini kwamba nazikata?" akauliza. "Si uliwaambia wao? Ingia. Useme kwa sauti ile ile."