Mjane wa Kanda ya Pili

Fundi saa alikuwa na filamu mia mbili na kumi na nne, na alizowahi kuzitazama hazikufika kumi. Nyingine zote zilikaa kabatini ndani ya nailoni ya kiwandani, na hakuna aliyethubutu kuligusa kabati lile. Mkewe alishazoea. Kila mtu na maradhi yake, aliwaambia majirani, ya huyu wangu ni makasha.

Kila Jumamosi alasiri alikuja rafiki yake, daktari wa meno, na glavu za kazini mfukoni. Walivaa wote wawili, wakayatoa makasha mezani na kuyageuzageuza. Walikuwa chanda na pete, ila kwa jambo moja. Kila mmoja alikuwa na toleo maalumu la filamu ileile, ya mjane mwenye mgahawa wa stesheni. La fundi lilikuwa la kanda ya pili, la kuuzwa upande mwingine wa dunia: kasha la bati, namba imechongwa nyuma, mjane kashika mwavuli. La daktari lilikuwa la kanda ya tatu: karatasi ngumu, kijitabu ndani, mjane kavaa gauni jekundu. Walikuwa wamebishana miaka sita ni lipi hasa lenyewe. Fundi alisema bati halidanganyi. Daktari alisema bati ni la biskuti.

Ndipo mama mkwe wa fundi akaja kukaa wiki tatu akiuguza goti. Fundi alimheshimu kiasi cha kukohoa kwanza kabla ya kuingia sebuleni kwake mwenyewe. Jumamosi ya kwanza mama alikaa kwenye kochi akiwasikiliza wanavyobishana, mpaka akauliza, "Na huyo mjane, mwishowe anaolewa?"

Fundi akazitazama glavu zake. Daktari akaeleza kwa upole kwamba kasha likishafunguliwa halirudi kuwa jipya.

"Mimi nimezaa watoto saba," mama akasema, "na sikumwacha hata mmoja kwenye nailoni."

Jumatatu fundi aliporudi kula mchana, alikuta nailoni imelala zuliani, mkasi wa jikoni juu yake. Mama alikuwa mbele ya televisheni, kasha la bati wazi mapajani. Angekuwa mtu mwingine, nyumba ingewaka moto. Lakini huyu ndiye aliyemzaa mkewe. Fundi aliketi polepole kama aliyepewa habari za msiba.

Mama akamwambia kwamba deki inaikataa. Fundi akasoma kwenye kioo: diski hii si ya kanda hii. Miaka yote ile alikuwa akiitunza kama mboni ya jicho filamu ambayo deki yake mwenyewe, ya kanda ya tatu, isingeicheza.

"Basi, baba, mwite yule wa gauni jekundu," mama akasema.

Daktari alifika na koti lake jeupe, kasha kwapani. Fundi alimvuta ukumbini, akamwomba radhi, akamwambia ana haki ya kukataa. Daktari hakukataa. Alipitisha ukucha kwenye pembe moja, na nailoni ikatoka yote mara moja. Fundi, ambaye macho yake yalizoea skrubu ndogo kuliko chawa, akaona.

"Ulishaifungua."

"Kila mwaka. Halafu naifunga upya kwa mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu. Niliogopa ungenidharau, ndugu yangu."

Fundi aliitafuta hasira moyoni asiipate. Alichokikuta kilikuwa kijicho. Mwenzake alikuwa ameila filamu na kasha likabaki.

"Anaolewa?" akanong'ona.

"Kaa utazame."

Wakatazama. Kusema kweli filamu ilikuwa ya polepole, na mama alilala hata kabla treni ya pili haijafika. Fundi hakujinyanyua. Mteja alikuwa akimngoja karakanani kwa saa ya ukutani, naye akamsahau kabisa. Mjane alipomkataa mkuu wa stesheni na kuufunga mgahawa, fundi alisimama akasema mwanamke yule amekosea. Daktari akasema hakukosea hata kidogo. Walibishana mpaka mama akaamka akawauliza wanamgombania nani.

Kabla wiki haijaisha fundi alikuwa amefungua nyingine tano. Tatu zilikuwa mbaya kupindukia, na akazitazama hadi mwisho.