Vidole Viwili vya Wifi

Wifi yangu alinirushia kombora asubuhi, tena kwenye kundi la simu la mafundi cherehani wote wa mtaa: "Kuna watu ukiwapa kitambaa cha harusi wanakurudishia gunia." Jina hakutaja. Alitaje ya nini, na kila mtu anajua kwamba yeye hukata na mimi hushona? Wapambe wake kundini hawakukawia. "Sema usiogope, dada!" "Mwenye masikio kasikia!"

Damu ilinichemka. Magauni ya wasimamizi wa bibi harusi yalikuwa yamerudi kwa kupwaya, na mama wa bibi harusi alishatuambia wazi kwamba yakipwaya tena anachukua vitambaa vyake. Duka tuliachiwa na mama mkwe macho yalipomchosha, akasema tulishike pamoja. Nililipenda duka lile. Na wifi nilimpenda pia, ndiyo maana iliniuma.

Nikaandika jibu, lenye sumu ya kutosha, kuhusu watu wanaokata kitambaa kwa panga. Mume wangu akachungulia, akacheka mpaka akakohoa.

"Itume hiyo! Dada yangu namjua, leo hali chakula."

Nilipomwona anavyofurahia, nikaona kundi zima litakavyofurahia. Sisi tutoane macho, wao wapate burudani? Nikafuta. Nikatia gauni moja kwapani, nikaenda kwake.

Nilimkuta kwenye chumba anachokatia, mkasi mkononi, kitambaa kimetandazwa mezani.

"Wifi, gunia nimekuletea. Niambie hapa hapa, usoni. Nimekosea wapi?"

"Aa, mimi nilisema tu kwa ujumla..."

"Ujumla gani? Ujumla ndiyo mimi. Sema!"

Hapo akafoka, na afadhali alifoka. "Haya! Mimi naacha vidole viwili vya mshono kila upande, kama mama alivyotufundisha. Wewe unadokoa tu pembeni!"

"Nashona vidole viwili! Mama huyo huyo ndiye aliyenifundisha!"

"Weka tuone!"

Nikaweka vyangu kwenye mshono wa gauni. Vikaenea. Akaweka vyake kwenye nafasi aliyoiacha mezani. Vikaenea. Ndipo tukatazama mikono yetu ilivyolala pamoja. Wifi ni mtu wa mwili, Mungu kambariki. Vidole vyake viwili ni vitatu vyangu. Mama mkwe ni mwembamba kama mimi, na enzi zake alikata na kushona mwenyewe, hakuna gauni lililopwaya.

"Jamani," akasema taratibu, "kumbe ni unene wangu?"

"Au ukondefu wangu."

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Kisha tukatoa futi ya kupimia, tukakubaliana nafasi moja ya mshono, tukaichora kwa chaki, tukafumua magauni yote na kuyashona upya, kila mmoja upande wake wa meza.

Wasimamizi walipoyavaa, mama wa bibi harusi aliwazunguka mmoja mmoja akitafuta kasoro. Akakosa. Akapiga kigelegele mle mle dukani, na mimi nikamdaka wifi shingoni. Kule kwenye kundi wapambe walibaki wakiuliza habari za gunia. Wifi akawawekea picha ya magauni na maneno machache: "Mimi na wifi yangu."

Juzi nikiwa kwenye cherehani, akaingia na blauzi ameishika juu juu.

"Wewe! Huu mkono umeushona umelala?"

Wateja wakageuka. Nikautazama; kweli, nilikuwa nimeushona nje ndani. Nikaupokea nikaanza kuufumua. Sijawahi kufokewa usoni nikafurahi kiasi kile.