Jina Alilopewa Arnaud

Saa tano na dakika arobaini asubuhi bia ilitoka kwenye bomba ikiwa povu tupu. Goreth alifunga bomba, akamwaga glasi kwenye ndoo, akainama chini ya meza kuangalia geji ya gesi. Mshale ulikuwa pale ulipopaswa kuwa. Pipa lilikuwa baridi. Mtambo haukuwa na kosa. Yeye ndiye aliyefungua bomba nusu, na bomba la bia hufunguliwa lote au halifunguliwi kabisa. Katika misimu mitatu ya kumfanyia kazi Cathy, mwenye kiwanda, hakuwahi kukosea hilo.

Kilichomfanya asite kilikuwa kimesimama kwenye foleni, mtu wa nne kutoka mezani.

"Yaya, unamwaga dawa ya watu," alisema Larissa, aliyekuwa akisuuza glasi nyuma yake na kumwita yaya, dada mkubwa, kama kwao. Larissa alikuwa msichana wa Uvira, Kongo, na siku za kazi walisuka nywele za wateja pamoja katika saluni moja ya South Beach, Durban. "Pasta akipita hapa nitamwambia ni juisi. Lakini hiyo ndoo itanichongea."

Goreth alibandua kibandiko chenye jina lake kifuani, akakitia mfukoni mwa aproni.

Lilikuwa tamasha la bia za viwanda vidogo, Jumamosi ya pili ya Julai, kwenye uwanja wa raga wa shule moja ya Morningside. Kipimajoto cha Cathy kilionyesha digrii ishirini na mbili kivulini. Hata hivyo watu walikuja na makoti na kofia za sufu, kwa kuwa kalenda ilisema ni majira ya baridi, na waandaaji walikuwa wamewasha kuni kwenye mapipa ya chuma ambayo hakuna aliyeyasogelea isipokuwa kupigiwa picha.

Mtu wa nne alikuwa amembeba begani mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, mwenye koti jekundu. Ndewe ya sikio la kushoto la mtu huyo ilikuwa imepasuka mpaka juu.

Maelezo ya sikio hilo yalikuwa kwenye karatasi. Goreth aliyatoa mwaka 2016, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa mwanamke aliyekuwa akikusanya ushahidi wa watu waliopotea Bujumbura. Urefu wa wastani. Ndewe ya kushoto imepasuka. Sauti nyembamba kuliko mwili. Mtu huyo alikuwa mteja wa baa ya Goreth, huko Bujumbura, kwa jioni nne mfululizo; jioni ya tano alirudi na gari jeupe na wenzake wawili, wakamchukua Arnaud, mdogo wake Goreth, mbele ya mlango. Mtaani mteja yule aliitwa Dereva. Penye swali la jina la mtuhumiwa, mwanamke yule aliandika: halijulikani. Jirani yao Léonidas alitoa ushahidi wiki ile ile. Miezi minne baadaye alitoka kwenda kuchota maji na hakurudi. Goreth aliondoka kambini kabla ya mwezi kuisha, na hakusimama mpaka Durban.

Sasa watu wawili walikuwa mbele ya yule mtu. Kisha mmoja.

Goreth alijipima kama ambavyo angempima mtu mwingine. Siku zile alikuwa mwembamba, mwenye rasta ndefu za kusuka. Sasa nywele zake zilikuwa fupi, alivaa miwani, na uzito ulikuwa umeongezeka kilo kumi na nne. Dereva hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita patronne, mwenye baa, kama wateja wote. Angeweza pia kutokea nyuma ya hema, kusema anaumwa tumbo. Lakini hema lilifungwa kwa kamba upande wa nyuma, na kuifungua kungechukua muda na kuvuta macho.

"Larissa, njoo usimame karibu yangu."

"Nani ataosha?"

"Njoo tu."

Larissa alikuja akijifuta mikono, na mtu yule akafika mezani akitabasamu.

"Kumbe mnaongea Kiswahili. Sharp, safi sana." Sauti ilikuwa nyembamba. "Iko ya chupa? Hii ya bomba siiamini."

"Iko," alisema Larissa, akamwekea chupa moja ya bia nyekundu.

Hakuichukua. Alibonyeza kizibo kwa kidole gumba, mara mbili, kuhakikisha hakijawahi kufunguliwa. Jambo hilo peke yake halikuwa ushahidi wa kitu. Nusu ya Bujumbura hubonyeza vizibo.

"Nifungulie hapa hapa, mbele ya macho yangu," alimwambia Goreth. "Halafu uonje kwanza, mama."

Larissa alicheka. "Papa, Durban hii nani atakuroga? Wewe ni waziri?"

"Mdogo wangu, mrogaji hana kitambulisho."

"Basi na mtoto naye aonje?"

"Mtoto mpe ya tangawizi, ile isiyo na pombe. Hiyo nitaionja mimi."

Kwao Goreth, anayemimina ndiye huonja, na ombi lile si matusi. Mhudumu wa Durban angekataa, au angeshangaa. Goreth hakukataa na hakushangaa. Alifungua chupa, akamimina vidole viwili kwenye glasi ndogo, akanywa, akageuza glasi mdomo chini kuonyesha imekwisha. Alipoiweka mezani aliona kosa lake. Kugeuza ile glasi hakukuombwa na mtu; kulikuwa desturi ya baa za kwao.

Yule mtu aliitazama glasi, kisha akamtazama yeye.

"Wewe si Mkongo."

"Mimi ni wa Kigoma."

"Kigoma naijua. Nilipita."

"Wengi walipita."

"Kigoma wapi?"

"Ujiji." Goreth alisukuma chupa mbele. Shati lilikuwa limeshikana na mgongo wake kwa jasho, na aliona vidole vyake vimeacha alama za unyevu kwenye meza, vitano, vyote vimenyooka.

"Eish, dunia ndogo," alisema yule mtu. Alikunywa, akapangusa mdomo. Mtoto alimvuta sikio lililopasuka, naye akaachia avutwe.

Ni Larissa aliyeleta zile karatasi. Ilikuwa kazi yake siku hiyo kuhakikisha kila mteja anajaza moja: jina, namba ya simu, kisha inatumbukizwa kwenye gudulia la kioo. Saa nane mchana Cathy angetoa moja na mwenye nayo angepata kreti ya bia.

"Papa, jaza. Ni bure. Ukishinda utanikumbuka."

Alimteremsha mtoto kidogo, akambana kwa mkono mmoja, akaandika kwa mkono wa pili. Aliandika kwa herufi kubwa, bila kusita, kama mtu aliyekwisha kujaza fomu nyingi. Hakuitumbukiza. Alimkabidhi Goreth.

"Niwekee wewe, mama wa Ujiji. Labda una mkono wa bahati."

Akaondoka na chupa yake kuelekea kwenye moto. Goreth alisoma karatasi.

ARNAUD MPITABAVUMA.

Kwao ndugu hawashiriki jina la ukoo. Kila mtoto hupewa lake siku ya kuzaliwa, na jina hubeba lililokuwa likiwasibu wazazi wakati huo. Goreth aliitwa Niyonzima, Mungu ndiye aliye hai, kwa kuwa mama yake aliponea chupuchupu. Mdogo wake alizaliwa majirani wakimtukana baba kila asubuhi kwa kukataa kuuza kiwanja. Baba akamwita Mpitabavuma, napita huku wakilaani. Kwa kadiri Goreth alivyojua, hapakuwa na mwingine aliyeunganisha majina hayo mawili. Siku alipochukuliwa, Arnaud alikuwa na bahasha ya plastiki mkononi: kitambulisho cha taifa na diploma ya ufundi umeme. Alikuwa akitoka kwenda kuomba kazi.

Yaliwezekana mambo mawili. La kwanza: mtu huyu alichukua karatasi za marehemu pamoja na marehemu, akavuka mipaka nazo, na kwa miaka yote hii anaishi kwa jina lile mbele ya ofisi, mwajiri na mke. La pili: amemtambua tangu ile glasi ilipogeuzwa, na ameandika jina hili ili Goreth ajue kwamba ametambuliwa.

"Umeona mzimu?" aliuliza Larissa. "Yaya, uso wako si mzuri. Kaa."

"Simu ya Cathy iko wapi?"

"Ile ya kazi? Kwenye sanduku la vizibo. Unampigia nani?"

Goreth aliipiga picha ile karatasi kwa simu yake mwenyewe, mara mbili, ya pili akiwa ameshusha pumzi ili isitikisike. Akaikunja, akaitia ndani ya kiatu. Kisha akachukua simu ya kazi. Aliyeandika jina ili kutisha tu asingekuwa na sababu ya kuandika namba ya kweli, wala ya kujibu simu ya mgeni kwa jina hilo. Jambo hilo lingeweza kupimwa.

Ilikuwa saa tano na dakika hamsini na mbili. Yule mtu alikuwa amesimama peke yake kwenye pipa la moto, hatua kama arobaini, ameipa meza mgongo, mtoto begani. Goreth alibonyeza tarakimu moja moja.

Simu iliita mara tatu. Kule kwenye moto mkono wa yule mtu uliingia mfukoni.

"Alo," ilisema sauti nyembamba. "Arnaud hapa."

Kipaza sauti cha uwanja kilianza kutangaza kwamba gari jeusi limeziba lango la pili. Tangazo lilimfikia Goreth mara mbili, mara moja hewani na mara moja ndani ya simu. Alielewa hapo kwamba yule mtu naye lilimfikia mara mbili, na kwamba sasa anajua mpigaji yuko hapo uwanjani.

"Ni nani?" iliuliza sauti.

"Wamusize he?" alisema Goreth kwa Kirundi. Ulimwacha wapi.

Larissa aliacha kufuta glasi. Kwenye simu kulikuwa na pumzi, na sauti ya mtoto akiomba tangawizi yake. Yule mtu alimteremsha mtoto begani polepole, akamsimamisha kwenye nyasi, akamshika mkono. Halafu akageuka na kuanza kuyatazama mahema, moja baada ya jingine, kuanzia upande wa lango. Simu ilikuwa bado sikioni mwake. Hakukata.