Mfuko wa Mche

Wanaosema sabuni haina akili hawajawahi kuiona ikimtoroka mgonjwa bafuni. Ile ilimponyoka mke wangu mkononi, ikagonga ukuta, ikarudi kama iliyotumwa, ikajipenyeza chini ya unyayo wake. Nilisikia kishindo nikiwa uani. Nilipofika alikuwa ameketi sakafuni, povu limejaa sikioni, na sabuni imetulia pembeni kama haikufanya lolote.

"Usiniulize kama nimeumia," alisema. "Nipe fimbo niitandike."

Hakuvunjika, na kwa hilo nashukuru. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea tangu ugonjwa ulipompitia upande mmoja. Vidole vinafungika lakini havina nguvu ya kushika kitu kinachoteleza. Siku hiyo kila mtu alilaumu mkono. Hakuna aliyeilaumu sabuni.

Habari zilimfikia binti yetu mkubwa kabla sijamaliza kukausha sakafu. Yeye anasimamia bohari ya dawa. Ni mchapakazi, simnyimi haki yake. Ila kule kuamrisha makasha kutwa kumemfanya amtazame kila mtu kana kwamba anatafuta lebo yake. Alipiga simu jioni hiyo hiyo.

"Shikamoo, baba. Nimesikia yaliyotokea. Jumamosi nakuja na gari, tutamhamisha mama."

"Marahaba. Mtamfanya nini?"

"Tutamhamisha. Atakaa kwangu."

Mimi nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji hadi nilipostaafu. Kusoma kwenyewe nilijifunza darasa la jioni, baada ya kazi, nikiwa tayari nina watoto wanaonisubiri nyumbani. Sikupewa maneno bure kama wengine, kwa hiyo neno likikaa mahali pasipo pake linaniwasha. Nikamwambia kwamba mtu huhama. Kinachohamishwa ni kabati.

"Baba, huu si wakati wa kamusi. Mama hawezi kuoga mwenyewe, na wewe mgongo wako tunaujua. Akiweza kuoga mwenyewe bila kuanguka, abaki. Asipoweza, namchukua. Nimeeleweka?"

Nimeeleweka! Kwa baba yake! Mtoto niliyemfundisha mimi kutofautisha "r" na "l"!

Mke wangu alikuwa amesikia yote, maana binti yetu husema na simu kwa kelele kana kwamba haiamini. Anakijua chumba atakachopelekwa. Kiko ghorofa ya juu kabisa, dirisha limekaa juu ya kichwa chake, na kutwa nzima hakuna mtu. Alikaa huko kidogo alipotoka hospitali, na aliporudi aliniambia kwamba alikuwa akizungumza na friji.

"Lilikuwa linanijibu," alisema. "Linaunguruma. Kidogo kama wewe."

Safari hii hakutania. Alisema, "Mzee wangu, nikienda kule sirudi."

Wakati tukingoja hiyo Jumamosi, binti yetu alituletea mama mmoja wa mtaa wa pili aje kumwogesha. Mwanamke mwema, mikono kama makasia. Alimgeuza mke wangu kama godoro linaloanikwa. Alipoondoka, mke wangu alijifunika shuka hadi kidevuni.

"Nimeogesha watoto wangu wote," alisema akitazama dari. "Nimeosha na maiti za watu. Leo naoshwa mimi, na bado napumua."

Sikulala vizuri kwa maneno hayo. Niliona hasira, lakini hasira isiyo na kazi huoza tumboni, kwa hiyo niliitafutia kazi. Nikafikiri hivi: ndoo ina utambo, kikombe kina mkono, hata sufuria imepewa masikio ya kushikia. Sabuni peke yake imeachwa uchi na utelezi kama samaki, kisha anayeshindwa kuishika anaambiwa ahame nyumba yake.

"Sabuni inataka utambo," nilimwambia asubuhi.

Aliniangalia. Halafu akaelekeza kidevu kwenye kabati. "Droo ya chini. Kuna uzi wa pamba mweupe na ile sindano yangu yenye ndoano."

Lazima nieleze kwamba katika nyumba yetu kila kilichosimama kimevalishwa na mke wangu. Viti vina vitambaa vyake alivyofuma, meza ina chake, redio ina chake chenye pindo la maua. Tangu mkono ulegee, ile sindano haikutoka ndani ya droo.

"Nani atafuma?" aliuliza.

"Aliyepanga herufi ndogo kuliko punje ya mtama atashindwa na kitanzi?"

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Ndio upande alionao.

Basi akanifundisha kwa ulimi, mimi nimekaa kitini, yeye yuko kitandani amejiinua kwa mto. Unafanya kitanzi, unapitisha ndoano, unavuta uzi, kimezaliwa kitanzi kingine. Vikiandamana vinakuwa mnyororo. Mnyororo ukitosha upana wa sabuni, unauzunguka pande zote mbili, ili chini kusiwe na mshono wa kufumuka. Kisha unapanda duru baada ya duru, kama mtu anayejenga kisima kutoka chini kwenda juu. Ndivyo alivyosema. Nilivyofanya mimi ni kitu kingine.

"Umebana mno. Fumua."

Nikafumua.

"Hapo umeruka. Fumua."

"Nimeruka kimoja tu, bibi."

"Meno ya mbele yakitoka moja tu, watu hawaoni? Fumua."

Kwa miaka yote niliyomsahihisha lugha yake mbele za watu, naamini alikuwa ameliweka neno hilo akibani.

Mwanga wa chumbani ulikuwa hafifu, nikahamia barazani, naye akaketi karibu na mlango akinielekeza. Hapo ndipo kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliponiona. Aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, akatoka nje.

"Kamusi! Siku hizi unashona?"

Mtaani wananiita Kamusi. Wanadhani wananitania.

"Sishoni," nikamjibu. "Nafuma. Anayeshona huunganisha kitambaa kilichopo. Anayefuma ndiye anayekileta duniani."

"Haya, bibi harusi. Na shela utafuma lini?"

Mteja wake akacheka, na huku upande mmoja wa kichwa chake unafanana na nazi iliyofuliwa nusu. Niliona damu ikinipanda. Mwanamume akisokota kamba, fundi. Akisuka wavu, fundi. Akiziba gunia kwa sindano ndefu kama kisu, wanampisha njia. Lakini sindano ikiwa nyembamba na uzi mweupe, basi amekuwa kichekesho! Nani aliyegawa sindano za wanaume na za wanawake, na mkutano huo ulifanyika wapi?

"Mjibu," mke wangu alininong'oneza.

"Namdharau."

"Basi mdharau huku unafuma. Umeacha kitanzi kinaning'inia."

Ijumaa nilimaliza. Siwezi kujisifu, lakini naweza kueleza. Ulikuwa mfuko mweupe wa kutosha mche mzima wa sabuni, vitanzi vyake vinakwaruza kidogo kama dodoki, ili usugue na kutoa povu kwa pamoja. Juu niliacha safu ya matundu, nikapitisha kamba niliyoifuma mwenyewe. Ukiivuta mdomo unafunga, na kamba inayobaki unaivaa kifundoni kama bangili. Mkono ukilegea, sabuni haina pa kwenda. Niliuloweka, nikaukamua, nikauanika dirishani.

Alasiri hiyo alikuja shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Anauza miche ya miti na maua kando ya barabara kuu, na kucha zake hazijawahi kuonana na brashi. Nilikuwa chumbani namsaidia mke wangu kuvaa mkono wa blauzi.

"Shemeji!" aliita kutoka nje. "Hiki kilichoko dirishani ni kitu gani?"

Nikamjibu kwa neno sahihi. Wengine husema "kipande," wengine "sabuni ya kufulia." Mimi nasema mche, maana ndivyo unavyoitwa.

"Ni mfuko wa mche!"

"Wa mche kweli?"

"Wa mche! Nimeufuma kwa mkono wangu!"

"Kumbe ulikumbuka, shemeji!"

"Ningesahauje?"

Nilipotoka, shemeji hayupo na mfuko hayupo nao. Naam, naandika hivyo makusudi, kwa sababu kwangu mimi mfuko ule ulikuwa mtu.

"Ameuchukua," alisema mke wangu.

"Ndugu yako si mwizi."

"Sijasema ameiba. Nimesema ameuchukua. Wewe ulimwambia nini?"

Nikamrudia maneno yangu. Alifumba macho. Akayarudia taratibu, neno baada ya neno, na hapo nikayasikia kama alivyoyasikia muuza miche, aliyekuwa ameniomba zamani nimtafutie vifuko vya kuoteshea. Nikampigia simu. Imezimwa. Huizima ili asimalize chaji, kisha hushangaa kwa nini watu hawampigii.

Jumamosi binti yetu alifika na gari, na begi tupu mkononi. Alisalimia vizuri, akamkagua mama yake, akalifungua begi juu ya kitanda.

"Ngoja," nikasema. "Nimemfumia mama yako mfuko wa kuogea. Sabuni haitaponyoka tena."

"Uko wapi?"

"Umechukuliwa."

"Baba," alisema.

Kuna "baba" ya heshima na kuna "baba" ya kumnyamazisha mtoto asiseme uongo. Hii ilikuwa ya pili. Nimeishi hadi mvi zimepita kwenye nyusi, halafu naitwa mwongo kwa neno moja la silabi mbili, ndani ya nyumba niliyoipaua mwenyewe! Na yeye anakunja blauzi za mama yake, moja juu ya nyingine, kama anayepanga makasha. Mke wangu alizitazama zinavyoingia begini.

"Hodi hapa!"

Shemeji aliingia amejaa tabasamu. Kidoleni ananing'iniza mfuko wangu. Ndani yake kuna udongo mweusi hadi shingoni, na kutoka mdomoni umechomoza mlimao mchanga wenye majani manne, kamba imefungwa kwa fundo la upinde. Maji ya matope yanadondoka sakafuni.

"Shemeji, wateja wote wameuliza nimeupata wapi! Maji yanapita, udongo unabaki. Nifumie mingine."

Siyaandiki yote niliyosema. Nilianza na ukoo wao wote, nikakumbuka kwamba mke wangu ni wa ukoo huo, nikarudi kwake peke yake.

"Mche wa SABUNI, wewe! Wa sabuni!"

"Hukusema sabuni."

"Mche ni mche!"

"Ndiyo, mche ni mche," alisema kwa upole. "Nami ndiyo nauza."

Ndipo tukasikia sauti kutoka kitandani. Mke wangu alikuwa anacheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu ugonjwa umpitie. Alicheka hadi chozi likamtoka jicho la upande uliolala.

"Leteni hapa," alisema. "Na wewe mdogo wangu, toa mti wako."

Mlimao ukatolewa, ukawekwa ndani ya kopo. Mfuko ukabaki umetapakaa matope, rangi ya tumbili. Nikanyoosha mkono nikauoshe.

"Acha," alisema mke wangu. "Uliufuma ili uoshe au uoshwe? Nipe sabuni."

Alitia mche ndani kwa mkono wa kushoto, akavuta kamba kwa meno, akaivaa kwenye kifundo cha ule mkono wa kulia. Akachukua mkongojo, akaenda bafuni, akafunga mlango. Binti yetu akainuka kumfuata. Nikasimama mlangoni, mgongo wangu wote wanaoujua ukiwa umenyooka.

"Baba, nipishe."

"Humu kuna mtu anaoga."

Tulisikia maji. Tulisikia msuguo, kwanza wa wasiwasi, kisha wa mtu anayekumbuka kazi yake. Halafu, ghafla, kitu kikagonga ukuta. Binti yetu akanishika bega kwa nguvu hadi kucha zikaniingia.

"Mama!"

"Nini?"

"Umeanguka?"

"Mimi? Imeanguka sabuni," ilijibu sauti. "Imefika mwisho wa kamba. Inaning'inia hapa inanitazama."

Maji yakaendelea. Binti yetu hakuuondoa mkono wake begani kwangu, ila kucha zilirudi nyuma. Aliegemea ukuta wa ukumbini, akawa ananitazama mimi, si mgongo wangu.

Mke wangu alitoka amejifunga taulo, ananukia, na mfuko unachuruzika maji mkononi mwake, mweupe kama nilivyouanika. Udongo wote ulikuwa umetoka kwa sabuni iliyokuwa ndani yake. Binti yetu aliuchukua, akaupindua huku na huku kwa macho ya bohari. Hakupata kasoro, au alipata akanyamaza. Akaingia chumbani, akaanza kuzirudisha blauzi kabatini.

"Nitakuwa nakuja Jumamosi kuangalia," alisema.

"Njoo kama mtoto wetu," nikamwambia. "Usije kama mkaguzi."

"Sawa, baba." Hii ilikuwa ile ya kwanza.

Bado nina hasira na kinyozi, bado nina hasira na neno "kuhamisha," na shemeji hapati mfuko mwingine hata anipe shamba. Lakini jioni ile mke wangu alinirushia ule mfuko mapajani.

"Kamba ndefu mno," alisema. "Inanigonga goti. Fumua."

Nikafumua.